Kabla ya Kuhesabu Ghorofa

Bila shaka wengi wenu mngali mnaukumbuka mdahalo wa muhula wa pili. Hoja ilikuwa kwamba jiji la Nairobi linahitaji jumba refu kuliko yote barani Afrika. Mimi nilikuwa upande wa upinzani, na nilishindwa, tena vibaya. Msemaji mkuu wa upande wa pendekezo alisimama akaitaja Burj Khalifa ya Dubai na mita zake 828, ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi na vifijo. Zamu yangu ilipofika nikaanza kueleza habari za viwanja, vivuli na milango, na kabla sijafika popote kengele ikalia. Kura zikapigwa, na yaliyofuata mnayajua. Kuna bwana mmoja wa Kidato cha Pili, simtaji kwa jina ila mwenyewe anajijua, ambaye mpaka leo tukikutana bwenini huniita "Bwana Ghorofa Moja."

Haidhuru. Karatasi haina kengele. Mhariri amenipa nafasi, nami nitayasema yale yaliyonikwama kooni siku ile.

Kwanza niondoe dhana moja ambayo imeenea hapa shuleni, ati mimi nachukia maendeleo. La hasha! Mimi nimelishwa na kuvishwa na majumba marefu. Karo yangu inatoka huko huko. Baba yangu ni mtu wa mjengo. Alianza kazi hiyo jijini Nairobi kabla sijazaliwa, akiwa mtu wa mkono, yaani yule anayebeba kokoto na kukoroga simiti huku akipigiwa kelele na fundi. Baada ya miaka mingi naye akawa fundi, na kazi yake sasa ni kutandika vigae vya sakafu. Kuna jengo moja mjini, sitalitaja, la vioo kuanzia chini hadi juu, ambalo sakafu ya ukumbi wake wa mapokezi aliitandika yeye na wenzake wawili. Ilikuwa kazi ya miezi mitatu, magoti chini kutwa nzima.

Likizo moja tulikuwa tukipita karibu na hapo, Baba akataka anionyeshe kazi yake. Tulipofika mlangoni askari akamwuliza, "Mzee, unaenda ofisi gani?" Baba akasema, "Siendi ofisi. Nataka tu huyu kijana aone sakafu." Askari akacheka, si kwa ubaya, akatueleza kwamba mtu asiyekuwa na ofisi anayokwenda hawezi kuingia. Basi tukarudi nje. Na hapo nje kwenyewe hapakuwa na mahali pa kusimama, maana ukuta wa jengo umefika mpaka kando ya njia ya miguu, na wapita njia walikuwa wakitupiga vikumbo. Baba akaweka viganja vyake viwili kwenye kioo azuie mwanga, akachungulia. "Ile pale," akaniambia, "yenye mstari mweusi." Nami nikachungulia. Sikuona kitu ila uso wangu.

Haya sikuyasema kwenye mdahalo kwa sababu niliona haya. Lakini ndiyo yaliyonitia kichwani maswali ambayo mpaka leo hayajanitoka. Jumba likishasimama, limewaachia nini watu wanaopita chini yake? Na nani anaruhusiwa kuingia? Kwa maoni yangu mambo haya ndiyo yanayofaa kuamuliwa kwanza, wakati ramani ingali karatasi, na idadi ya ghorofa ije baadaye.

Mwaka huu chama chetu kilipopelekwa Nairobi kutazama mchezo wa kitabu kinachotahiniwa, mlezi wetu alitufanyia hisani kubwa. Kabla ya safari ya kurudi alitupitisha katika Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, lile ambalo kila mtu huliita KICC, tukapanda mpaka paani. Wengi wetu tulikuwa tumeliona kwenye picha tu. Wengine tulikuwa tumeliona kwenye pesa, maana noti zetu zote zilizotolewa tangu mwaka wa 2019, kuanzia ya shilingi 50 mpaka ya 1,000, zina picha ya jumba hilo.

Hebu niwaeleze lilivyopangwa, kwa sababu watu wengi hulitazama juu tu wakaondoka. KICC si jengo moja. Ni kundi la majengo yaliyowekwa pamoja kwa makusudi. Kuna mnara wa ofisi wenye ghorofa 28, urefu wake mita kama 105. Kando ya mnara kuna ukumbi wa duara wenye paa lililochongoka. Mimi nikiutazama naona msonge, zile nyumba za mviringo za mashambani, ingawa wenzangu wengine waliona ua lililofumba. Halafu kuna ukumbi mkubwa wa mikutano mikuu, wa kukalisha maelfu ya watu. Na mbele ya hayo yote kuna uwanja wa wazi, wenye maji na miti, na sanamu kubwa ya Mzee Jomo Kenyatta ameketi, iliyochongwa na Mwingereza James Butler.

Sasa tazameni akili iliyotumika hapo. Ofisi zimepandishwa juu kwa sababu ofisi ni kitu kinachoweza kupangwa moja juu ya nyingine kama madaftari. Watu wa ofisini huja na kuondoka mmoja mmoja au wachache wachache, lifti inawamudu. Lakini mkutano ni kitu kingine. Watu elfu mbili wakimaliza kikao wote hutoka kwa mara moja, na hakuna lifti duniani ya kuwashusha watu elfu mbili pamoja. Kwa hiyo kumbi zikaachwa chini, karibu na ardhi, zikafunguka kwenye uwanja ambapo watu wanaweza kutawanyika, kusalimiana na kungojeana. Uwanja ule si mapambo hata kidogo. Bila uwanja, kumbi zile zingekuwa chupa isiyo na mdomo.

Na jua je? Nairobi iko karibu sana na ikweta, tena kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,600. Jua la mchana latupiga utosini, na la asubuhi na jioni latupiga ubavuni. Madirisha ya mnara wa KICC hayakuachwa usoni yachomwe. Yamerudishwa ndani, nyuma ya mbavu za zege zinazoyatilia kivuli. Rangi yake nayo ni ya udongo wa mfinyanzi, kwa hivyo vumbi la Nairobi halilitii aibu. Linganisheni na haya majumba ya vioo vitupu yaliyofuata. Kioo huingiza joto kisha kikalifungia ndani, halafu mwenye jengo anaagiza mashine ya kulitoa, na mashine nayo inadai umeme mwaka nenda mwaka rudi. Ni kama mwanafunzi avae sweta ya shule saa saba mchana, kisha amwajiri mwenzake ampepee!

Waliolisanifu jumba hilo ni wawili: Karl Henrik Nøstvik, raia wa Norway aliyekuja nchini katika miaka ya sitini kupitia msaada wa serikali ya kwao, na David Mutiso, ambaye ni miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuhitimu usanifu wa majengo. Ujenzi ulianza mwaka wa 1967. Wakati ule palikusudiwa pawe makao ya chama tawala cha KANU, tena madogo kuliko haya tunayoyaona. Ramani ikakua na kukua. Kisha ikajulikana kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa watafanya mkutano wao wa mwaka Nairobi mwaka wa 1973, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na mkutano kama huo ulihitaji kumbi ambazo hazikuwapo. Mzee Kenyatta alilifungua jumba tarehe 11 Septemba 1973, na baada ya siku chache wageni wakawasili. Jambo ambalo hunichekesha kidogo, kicheko cha machungu, ni kwamba katika mkutano huo, tarehe 24 Septemba, rais wa Benki ya Dunia, Robert McNamara, alitoa hotuba iliyovuma ulimwengu mzima, na hotuba yenyewe ilihusu ufukara wa watu wa mashambani. Sijui kama palikuwa na mtu wa mashambani ndani ya ukumbi wa kumsikiliza.

Tulipokuwa chini pale uwanjani, mwenzetu mmoja anayetoka Lamu alisema jambo ambalo wengine walilipuuza lakini mimi nikaliandika. Alisema, "Hapa ndipo baraza ya hili jumba." Wasiofika pwani niwafahamishe. Nyumba za mawe za Lamu zimebanana, vichochoro vyake ni vyembamba hata punda wawili waliobeba mizigo hupishana kwa taabu. Hata hivyo mwenye nyumba hujenga baraza nje ya mlango wake, kiti cha mawe cha kukalia. Mgeni huketi hapo kabla hajakaribishwa ndani. Jirani huketi hapo jioni. Na mpita njia aliyechoka naye huketi, wala hakuna amwulizaye anaenda ofisi gani. Mwenye nyumba hakupungukiwa na kitu, ila ametoa hatua mbili za kiwanja chake kwa watu. Tangu siku ile nikiona jumba jipya mjini swali langu la kwanza ni hilo: baraza yake iko wapi?

Basi tukapanda lifti, tukamaliza na ngazi, tukatokea paani. Upepo! Masketi na tai zilikuwa zikipeperuka kama bendera. Ukitazama kusini waona stesheni ya reli. Ukitazama magharibi, Bunge liko hapo chini, halafu barabara kuu, halafu kijani kibichi cha Bustani ya Uhuru, na nyuma yake mlima wa Upper Hill uliojaa minara mipya. Mlezi wetu akatuonyesha bustani ile kwa kidole akatuuliza, "Mnajua kwamba pale palikaribia kuwa na jumba la ghorofa 60?" Hakuna aliyejua. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikipiga makelele kwenye mdahalo sikulijua jambo hilo, na laiti ningalilijua!

Ilikuwa mwaka wa 1989. Palikuwa na mpango wa kujenga katika Bustani ya Uhuru jumba la ghorofa 60, la Kenya Times Media Trust. Nyuma yake walikuwako chama cha KANU na mshirika wao, Robert Maxwell, mwenye magazeti huko Uingereza. Ndani mngekuwa na makao makuu ya chama, ofisi za gazeti, kumbi, maduka, kituo cha biashara, na maegesho ya magari 2,000. Mbele yake pangesimamishwa sanamu kubwa ya Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Gharama yake ilikadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 200 hivi, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya kukopwa ng'ambo.

Profesa Wangari Maathai wa Shirika la Ukanda wa Kijani alipopata habari alichukua kalamu. Aliandika barua kwa gazeti lenyewe, kwa Ofisi ya Rais, kwa Tume ya Jiji, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Alimwandikia hata balozi wa Uingereza, akitaka kujua kama Waingereza wangekubali jumba la namna hiyo lijengwe katika Hyde Park, bustani yao ya London. Hoja yake haikuwa ngumu. Bustani ile ndiyo mahali pekee katikati ya jiji ambapo mtu asiye na shilingi anaweza kulala nyasini Jumapili na watoto wake. Jibu alilopewa lilikuwa matusi. Wabunge walimkemea bungeni. Alikwenda mahakamani, kesi ikatupwa. Shirika lake likafukuzwa katika ofisi za serikali lilimokuwa. Na siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, papo hapo bustanini, Rais akasema mbele ya umati kwamba mwanamke wa Kiafrika apaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Hakunyamaza. Wakopeshaji wa ng'ambo wakaanza kusitasita, na mapema mwaka wa 1990 mpango ukafa. Mwaka wa 2004 mama huyo huyo alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Fikirini vizuri, wenzangu. Chama ni kile kile, jiji ni lile lile, na kutoka kiwanja kimoja hadi kingine ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Tena chama chenyewe tayari kilikuwa kimekaa ndani ya KICC, si kwamba kilikuwa kikinyeshewa nje. Kwa hesabu ya mdahalo wetu, ghorofa 60 ni zaidi ya mara mbili ya 28, kwa hiyo jumba la pili lingekuwa ushindi mara mbili. Lakini jumba la kwanza lilianza kwa kuuliza watu watakusanyika wapi, likawatengea uwanja. La pili lilianza kwa kuuchukua uwanja ambao watu walikuwa nao tayari. Hata kama msanifu angekuwa hodari kuliko wote ulimwenguni, asingeweza kulitibu kosa hilo kwa penseli yake. Lilikuwa kosa la mahali.

Nisije nikaambiwa kwamba nawakwepa wapinzani wangu. Walikuwa na hoja moja nzito, na siku ile sikuijibu. Walisema ardhi ya Nairobi ni haba, watu ni wengi, hivyo tukijenga kwenda juu tunaiokoa ardhi. Ni kweli. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa Nairobi ina watu 4,397,073, na wote hao hawawezi kutandazwa chini kama mahindi juani. Mgala muue na haki yake mpe. Ila urefu peke yake hauokoi kitu. Ardhi huokoka pale tu msanifu anapochora mstari kwenye ramani na kuandika kwamba hapa hapatajengwa kitu, na mwenye jumba akaliheshimu neno hilo. Mnara mrefu uliojaza kiwanja chake chote mpaka kando ya barabara haukuokoa hata futi moja. Umeongeza tu watu, na magari yao, mahali ambapo njia ni ile ile. Yale magari 2,000 ya Bustani ya Uhuru, hebu niambieni, saa kumi na moja jioni yangetokea wapi?

Pia urefu una gharama yake ya ndani ambayo haionekani kwenye picha. Kila ghorofa inayoongezwa inahitaji watu wake wapandishwe, maji yake yasukumwe kwa pampu, na moto ukizuka watu wake wapate ngazi salama ya kushukia. Shimo la lifti inayokwenda juu kabisa hupita katika kila ghorofa iliyo chini yake, likila nafasi hata mahali ambapo lifti yenyewe haisimami. Ndiyo sababu jumba la ghorofa 60 si majumba mawili ya ghorofa 30 yaliyobebana. Kiini chake kinanenepa na nguzo zake za chini zinanenepa, na nafasi ya kukodisha kwa kila ghorofa inapungua. Wajenzi wa Dubai wanayajua hayo vizuri, na mita nyingi za juu kabisa za jumba lao ni ncha tu ambayo hakuna mtu anayekaa. Sisi tulipiga makofi kwa ajili ya ncha!

Hoja ya kazi nayo niliipeleka kwa mtaalamu, yaani Baba. Nilimwuliza kama fundi hufaidika zaidi jumba likiwa refu zaidi. Akanijibu kwamba kigae cha ghorofa ya 3 na cha ghorofa ya 30 hulipwa sawasawa, tofauti ni kungojea lifti ya mizigo tu. Akaongeza kwamba yeye angependa zaidi majengo mengi ya ghorofa tano kuliko moja la ghorofa 50, maana hapo kazi huwa kila mtaa na nauli haimli mtu.

Msidhani kwamba naifanya KICC kuwa malaika. Ina historia yake chafu. Kwa miaka mingi chama cha KANU kilishikilia kwamba jumba ni lake, ingawa lilijengwa kwa fedha za umma. Mpaka ilipoingia serikali mpya ya NARC ndipo likarudishwa mikononi mwa umma, mwezi wa Februari 2003. Mngedhani mambo yameisha. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 serikali ililiweka kwenye orodha ya mali ya umma itakayouzwa kwa watu binafsi. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu, na mwezi wa Septemba 2024 jaji akaamua kwamba sheria iliyotumiwa ilikuwa kinyume cha Katiba, na kwamba KICC ni turathi ya taifa inayolindwa kisheria. Hata ile picha kwenye noti ilizua kesi mwaka wa 2019, kwa kuwa Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu kuwekwa kwenye pesa, na pale mbele ya mnara sanamu ya Mzee inaonekana. Kesi hiyo haikufaulu. Mimi nazisoma kesi hizi zote kama swali moja linalorudi mara kwa mara: jumba hili ni la nani? Nadhani sababu ya swali kurudi ni kwamba pale mwanzo, ramani ilipochorwa, chama na serikali na wananchi walichanganywa kama mchele na mawe, na hakuna aliyeketi kuchambua. Hilo nalo ni kosa la mipango, hata kama halionekani ukutani.

Leo KICC si ndefu kuliko zote tena. Times Tower iliipita, kisha UAP, na mwaka wa 2017 ukakamilika mnara wa Britam kule Upper Hill, wenye mita 200. Mwaka huo huo wa 2017 ulizinduliwa kwa shangwe mnara mwingine uitwao Pinnacle, ambao ungepita mita 300 na kuwa mrefu kuliko yote Afrika, yaani ile ile ndoto ya mdahalo wetu. Ugomvi wa kiwanja ukafika mahakamani, na mnara ukakwama. Ghorofa zilikuwa zimehesabiwa, picha za rangi zilikuwa zimechapishwa magazetini, lakini hawajakubaliana ardhi ni ya nani. Upande wa pendekezo waniambie wenyewe kipi kilipaswa kutangulia.

Hata hivyo wachora-picha wa mjini, ukiwaambia wakuchoree Nairobi, huchora mnara wa rangi ya udongo na msonge kando yake. Wapiga picha za harusi hawaendi kusimama mbele ya kioo. Na siku ile ya safari yetu, tulipokuwa tukimngoja dereva, tulikaa kwenye ngazi za uwanja tukala mikate yetu na soda. Langoni tulikuwa tumekaguliwa mikoba kama ilivyo kila mahali mjini siku hizi, lakini hapo ngazini hakuna aliyetuuliza tunaenda ofisi gani. Karibu nasi alikuwapo mzee mmoja aliyevua viatu akavipanga kando, amelala usingizi.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia Baba. Hajawahi kupanda KICC, miaka yote hiyo ya kufanya kazi mjini. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu urefu. Aliuliza, "Sakafu yake ni ya nini?" Nikashindwa kumjibu, nilikuwa nikitazama juu kama ninyi wengine wote. Tumepatana kwamba likizo ijayo tutakwenda pamoja akaione mwenyewe.

Kuhusu mdahalo, nimemwandikia mwenyekiti ombi rasmi. Hoja irudishwe muhula ujao, lakini isomwe hivi: kwamba jumba lolote refu litakalojengwa Nairobi lisikubaliwe mpaka ramani yake ionyeshe mahali pa mpita njia kuketi. Mimi nitakuwa upande wa pendekezo. Na dakika ziwe tano, si tatu.